Mbuzi wa Miguu Mitano

Mzee Simeon alikwisha kumaliza sahani ya kwanza ya nyama, na ya pili ilikuwa njiani, alipoinama kuokota mfupa uliomponyoka. Alikawia huko chini, na alipoinuka hakuwa tena mtu wa sahani ya pili.

"Karani," alisema, "hiki kiti nilichokalia ni cha nani?"

Kaleli akacheka. Alikuwa karani wa mizani katika kinu kimoja cha kahawa hapo Ruiru, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, na siku hiyo furaha ilimjaa mpaka masikioni. Binti yake Katunge alikuwa anaposwa na Mbaluka, fundi wa magari wa Thika, kijana mwenye adabu na meno yote. Viti vya nyumba vilikuwa vinne, vya kuazima vitatu, na wageni walikuwa tisa. Ndiyo maana Mzee Simeon, baba mkubwa wa Mbaluka na msemaji wa ujumbe mzima, akajikuta amekalia mzinga wa nyuki.

Ulikuwa mzinga wa kale, gogo lililotobolewa katikati, lenye kifuniko cha ubao kila mwisho. Nyuki walikwisha kuuhama kabla Kaleli hajaota meno. Mama yake, bibi Mukonyo, aliutumia kama benchi la kuotea jua.

"Huo ni mzinga wa marehemu baba," Kaleli alijibu kwa fahari. "Mzee Bedan. Picha yake imo ndani ukutani, ameshika Biblia."

"Naye alikuwa wa ukoo gani?"

Kaleli akautaja ukoo wao, ingawa alikwisha kuutaja mara mbili mbele ya watu wote hao kabla mbuzi hawajapokelewa.

"Basi mdomo wako unasema ukoo mmoja, na mzinga wako unasema mwingine," Mzee Simeon akasema polepole. "Alama iliyochomwa hapa ubavuni ni ya kwetu."

Kwa Wakamba mzinga hutundikwa mtini porini, ukaachwa huko miezi na miaka bila mlinzi, kwa sababu mlinzi wake ni alama ya ukoo iliyochomwa ubavuni. Hakuna mtu mwenye akili zake anayechoma alama ya wengine. Kwa hiyo, kama mzinga wa Bedan ulikuwa na alama ya kina Simeon, basi Katunge na Mbaluka walikuwa ndugu, na posa yote ilikuwa uchafu mtupu.

Mgeni mmoja akairudisha nyama sahanini taratibu, ijapokuwa alikwisha kuiuma. Ndinda, mke wa Kaleli, akabaki na upawa hewani huku mchuzi ukimdondokea kwenye kanga mpya. Mbaluka akatazama viatu vyake. Katunge yeye akamtazama baba yake, na macho yake yalisema kwamba jambo hilo lirekebishwe sasa hivi.

Ni Mukonyo aliyefungua mdomo kwanza. Alikuwa na miaka sitini na zaidi, mwembamba, mwenye sauti ya kuuza na kununua.

"Alama hiyo ni yetu pia," alisema. "Babu yake Bedan alitoka Tanganyika. Huko ng'ambo ya Namanga, chini ya kilima. Watu wetu wa huko huchoma alama hiyo hiyo, ingawa si wa ukoo wenu."

Kaleli aligeuka kumtazama mama yake. Katika miaka yake arobaini hakuwahi kusikia habari za Tanganyika hiyo.

"Tanganyika," Mzee Simeon alirudia. Mkono wake mmoja bado ulikuwa chini ya mzinga, ukipapasapapasa. "Mimi sijasikia Wakamba wa alama yetu huko."

"Na wewe umesikia yote?"

"Hapana, mama. Mimi si mtu wa kuvunja sherehe. Nawapa Jumapili tatu. Leteni mtu mmoja wa huko aseme hivyo mbele yangu." Akamtazama bibi Mukonyo usoni. "Au kama mzinga huu ulifika hapa kwa njia nyingine yoyote, niambieni tu. Neno litaishia hapa hapa."

"Njia nyingine ipi?" Mukonyo akamkemea.

"Sijui. Nauliza tu."

Mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa nyuma ya nyumba wakafunguliwa, wakarudishwa Thika. Wa tatu hakuwa na namna ya kurudi, maana alikuwa tumboni mwa watu.

Wiki hiyo Kaleli alionja aibu ya kila saizi. Kinuni wapakizi wa magunia walimsalimia kwa jina jipya, Bwana Tanganyika. Jirani aliyewaazima viti alikuja kuvichukua mapema, akavihesabu mara mbili ingawa vilikuwa vitatu tu. Kanisani mama mmoja alimshika Katunge mkono na kumpa pole kana kwamba amefiwa, kisha akamuuliza kama Mbaluka ana ndugu wengine ambao hawajaposa.

Nyumbani hali haikuwa nafuu. Katunge alikuwa na miaka ishirini, mwalimu wa watoto wadogo, mpole siku zote, lakini sasa alikuwa akiosha sufuria kwa namna iliyowafanya kuku wahame ua.

"Baba," alisema Alhamisi, "Susu anasema watu wetu wako Tanganyika. Basi twende tukawaone."

Mukonyo, nyanya huyo aliyeitwa Susu kwa Kikamba, alikuwa kwenye mzinga wake akiota jua, akaanza kukohoa.

"Ni mbali, mjukuu wangu."

"Ni mbali kuliko kubaki hapa mpaka nizeeke?"

"Kuna simba."

"Susu, mimi simba hatanila. Nina hasira mno."

Kaleli alikuwa mtu wa mizani, na mtu wa mizani hawezi kulala na uzito asioujua. Alinunua daftari jipya, akaandika kwenye jalada MASWALI YA ASILI YETU, akapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha akaenda Thika kumwona Ajwang, dereva wa lori aliyekuwa akileta ngozi za ng'ombe kutoka Tanganyika kwa ajili ya kiwanda cha ngozi. Ajwang alikuwa Mjaluo mnene, mcheshi, anayependa sana mambo ya watu.

"Jumamosi hiyo ya tatu nakwenda na kurudi," Ajwang alisema. "Alfajiri tunaondoka, jioni tumerudi. Mbele nina nafasi ya watu wawili. Wengine wapande nyuma. Kwenda ni pazuri, hewa tele."

"Na kurudi?"

"Kurudi kuna ngozi," Ajwang akasema, akatazama kando.

Mukonyo alipoambiwa kwamba safari imepatikana, mguu wake wa kushoto ulianza kuuma. Siku ya pili ukahamia wa kulia. Siku ya tatu akasema ameota ndoto mbaya, na Kaleli akamuuliza ndoto hiyo ilionyesha nyumba ya babu iko upande gani wa barabara. Tangu hapo bibi hakuumwa tena. Alikaa juu ya mzinga, akautazama mlima Kilimambogo uliokuwa ukionekana vizuri toka mlangoni.

Jumamosi ya tatu, kabla ya jogoo, familia nzima ilikuwa kando ya barabara. Kaleli alivaa suti ya kijivu, tai na kofia, kwa kuwa mtu haendi kwa mababu kama anayekwenda shambani. Ndinda alibeba viazi vitamu, sukari na tumbaku ya kunusa. Bibi akaingizwa mbele na Kaleli akaketi kando yake, daftari magotini. Mke na binti wakapanda nyuma.

Namanga walifika jua limeshachomoza sana. Askari wa mpakani akaitazama ile tai.

"Mnatoka wapi?"

"Ruiru."

"Shuka. Wewe Mkikuyu."

Ilikuwa bado ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, mwaka wa saba sasa, na Mkikuyu hakuwa mtu wa kutoka nje ya wilaya yake bila pasi, sembuse kutoka nje ya nchi.

"Mimi ni Mkamba," Kaleli alisema, akatoa kipande chake cha utambulisho.

"Mkamba mwenye tai? Hebu hesabu Kikamba mpaka ishirini."

Karani wa mizani akahesabu pale kando ya barabara kama mtoto wa chekechea, mke na binti wakimtazama kutoka juu. Lakini kazini alikuwa akihesabu Kiingereza kila siku kwa miaka kumi na minane, na alipofika kumi na saba akakwama. Mama yake akamalizia kutoka dirishani, kwa sauti kubwa, hadi ishirini. Askari, ambaye hakujua Kikamba hata neno moja, alisikiliza kwa makini sana, akaridhika.

"Nenda," alisema. "Lakini huyo mama ndiye Mkamba zaidi."

Walivuka. Kaleli alivua kofia, akaitazama nchi ya mababu zake, na moyo wake ukamdunda kweli. Ilikuwa sawa kabisa na ile waliyoiacha nyuma, vumbi lile lile na miiba ile ile. Hata hivyo alihisi kitu kifuani, akaona aibu kumwambia Ajwang.

"Kilima ni kipi, mwaitu?" alimuuliza mama yake.

Bibi Mukonyo alitazama vilima. Vilikuwa vingi.

"Kile," alisema, akionyesha kwa kidevu, na kidevu chake kilipita vilima vinne.

Lori lilisimama penye maduka matatu ya mabati na ghala la ngozi. Ajwang akasema anapakia mpaka saa nane, kisha anaondoka, na asiyekuwepo ataoa Mmasai. Kaleli akaenda duka la kwanza, akauliza habari za Wakamba. Hakuna. Duka la pili, hakuna. La tatu lilikuwa limefungwa. Katunge alimfuata nyuma, na kila alipoambiwa hakuna, alizidi kuinamisha kichwa. Kaleli hakuthubutu kugeuka kumwangalia.

Nyuma ya ghala walimkuta mzee mmoja akizipaka ngozi chumvi. Alikuwa amejifunga shuka ya Kimasai, mifupa mitupu, na macho yanayocheka kabla ya mdomo.

"Mzee," Kaleli akasoma kutoka daftarini, "je, hapa kuna Wakamba?"

"Unawatafuta au unawakimbia?"

"Nawatafuta. Ni watu wetu. Tumetoka Ruiru."

Mkono wa mzee ukasimama juu ya chumvi.

"Ruiru," alisema. "Hivi daraja la mto bado lipo?"

"Lipo."

"Na miti ya Mzungu, ile iliyokuwa kando yake?"

"Walikata. Mzee, swali la pili. Je, unamfahamu mtu yeyote ambaye ukoo wake—"

"Lori hilo linarudi lini?"

"Leo saa nane."

"Na akipatikana jamaa yenu hapa, mtambeba?"

"Tutambeba, tutamlisha, na kesho atasema neno moja mbele ya wazee. Basi."

Mzee akajifuta mikono kwenye shuka, akasimama. "Basi jamaa yenu mmempata," alisema kwa Kikamba. Kikamba chake kilikuwa na kutu, lakini Kaleli akaona ni sababu ya miaka ya ugenini. "Mimi ndiye."

Bibi Mukonyo alikuwa amesimama nyuma yao wote. Alimtazama mzee yule toka kichwani hadi nyayoni, na mzee akamtazama yeye. Walitazamana kwa muda mrefu, bila kupepesa.

"Mnaona pua hiyo?" Mukonyo alisema hatimaye. "Ni pua ya marehemu Bedan."

"Na mimi nilikuwa nikijiuliza mama huyu nilimwona wapi," mzee akajibu. "Kumbe ni shemeji!"

Kaleli alimkumbatia mzee, chumvi na yote. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Ndinda akapiga vigelegele. Katunge alicheka kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, akampa mzee viazi vyote vilivyobaki. Mzee alivila vyote kwa haraka, akisema niiteni Babu, inatosha, na kwa kila swali la daftarini akajibu ndiyo. Babu yake Bedan alitoka hapa? Ndiyo. Aliondoka kwa sababu ya njaa? Njaa kabisa. Au vita? Na vita pia. Kaleli aliandika kurasa kumi.

Saa nane Ajwang akapiga honi. Babu akapewa nafasi ya mbele karibu na bibi Mukonyo, kama alivyostahili mtu wa cheo chake. Kaleli akapanda nyuma na suti yake, juu ya ngozi mbichi mia mbili zilizokuwa zikinuka hadi machozi. Nzi walimpenda sana.

Namanga alikuwa askari yule yule.

"Na mzee huyu? Asubuhi hakuwapo."

"Huyo ni damu yangu!" Kaleli alipiga kelele kutoka juu ya ngozi. "Ni babu yangu mdogo! Naapa kwa Mungu, uniandike jina!"

Askari akakaribia ili achunguze zaidi, harufu ikamkuta njiani, akapunga mkono wapite. Kupitia kidirisha cha nyuma Kaleli alimwona Babu akitetemeka mabega, na mama yake akiuweka mkono wake juu ya mkono wa mzee huyo. Damu haipotei, Kaleli alijiambia huku akifukuza nzi, na akahisi kwamba hata harufu hiyo ilikuwa na thamani yake.

Kesho yake baada ya ibada wageni walikuwa uani tena. Safari hii hapakuwa na nyama. Mzee Simeon aliombwa akae kwenye kiti, akakataa, akaenda kuketi palepale, juu ya mzinga. Mbaluka alisimama karibu na lango. Babu alikuwa amevishwa koti la marehemu Bedan, na kwa kweli lilimkaa vizuri.

"Mzee," Simeon akaanza, "unatoka Tanganyika?"

"Natoka huko. Jana."

"Na alama hii ni ya ukoo wenu?"

"Ni yetu."

"Tangu lini?"

"Tangu kuwepo nyuki."

Watu wa upande wa Kaleli wakaguna kwa kuridhika. Ndinda akamfinya Katunge mkono. Kaleli aliyafungua maandishi yake, tayari kusaidia ikihitajika.

"Vizuri," alisema Mzee Simeon. "Swali moja la mwisho. Nimesikia kwamba mizinga ya ukoo wenu huchorwa kitu kwa ndani, penye kifuniko. Ni kweli?"

Babu alitazama juu kidogo. "Ni kweli."

"Mnyama?"

"Mnyama, naam."

"Mbuzi?"

"Ungemchora mnyama gani mwingine?"

"Mbuzi mwenye miguu mitano?"

Bibi Mukonyo alifumba macho. Lakini Babu alikwisha kuvuka mto na maji yalikuwa nyuma yake.

"Mitano," alisema. "Minne ni ya kutembelea. Wa tano ni wa mgeni."

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Hata mmoja wa upande wa Simeon alisema hayo ni maneno mazito. Kaleli aliyaandika. Mzee Simeon akainuka, akapiga kifuniko cha mzinga kwa ngumi mara tatu, akakivuta, akakigeuza ili watu wote waone. Ndani yake, katika ubao uliopauka, palikuwa na mbuzi aliyechorwa kwa ncha ya kisu. Alikuwa na miguu mitano.

Ua mzima ulishangilia. Kaleli alirusha daftari juu. Katunge alikwisha kupiga hatua mbili kuelekea langoni kwa Mbaluka, kisha akasimama, kwa sababu Mzee Simeon alikuwa akicheka, naye hakuwa mtu wa kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kujishika kiuno.

"Mbuzi huyu," alisema alipopata pumzi, "nilimchora mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mguu wa tano ni mkia, kisu kiliteleza. Baba yangu alinichapa kwa kuharibu kifuniko chake. Baada ya mwezi mmoja mzinga ukaibwa mtini, akanichapa tena kwa kutoulinda."

Hakuna aliyecheka naye. Kuiba mzinga ulioko mtini kwa Wakamba si sawa na kuiba kuku. Mtu aliyefanya hivyo jina lake lilikuwa halitajwi mezani.

"Ulijua?" Kaleli aliuliza. "Tangu siku ile?"

"Niliukalia mzinga wangu, nisiujue? Ufa wa chini niliuziba mwenyewe kwa gundi ya mti. Lakini nilikuwa ninakula nyama yako, Karani. Ningemwitaje mwenye nyumba mwizi na mdomo wangu una mafuta yake? Ndiyo maana nikauliza kama ulifika kwa njia nyingine." Akamgeukia bibi Mukonyo. "Mama, nilikufungulia mlango wa neno moja tu. Wewe ukaamua kupitia Namanga."

Bibi Mukonyo alifumbua macho.

"Bedan aliuiba," alisema bibi. "Mume wangu. Mwaka ule wa njaa, baada ya vita vya Wajerumani. Aliuteremsha usiku mmoja, nyuki wakamuuma mpaka macho yakafunga. Nikamwambia aurudishe, akasema kwanza utakula. Mwaka uliofuata akabatizwa. Watu husema ni Injili iliyompeleka kanisani. Mimi najua ni mzinga huo. Hakuuuza, hakuuchoma kuni, wala hakuweka nyuki tena. Kila asubuhi alikuwa akikaa juu yake kuomba." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Amekufa akiitwa mtu wa Mungu. Nilitaka abaki hivyo. Nikasema Tanganyika kwa sababu ilikuwa mbali, nikajua hakuna mpumbavu atakayekwenda."

Aliposema mpumbavu hakumtazama mwanawe, lakini wengine wote walimtazama.

Kaleli akamgeukia Babu polepole. "Na wewe?"

Mzee alivua koti la marehemu, akalikunja vizuri, akaliweka kitini.

"Mimi ni Mkikuyu, naitwa Kagwe," alisema, na sasa Kikamba chake kikaisha, akaendelea kwa Kiswahili. "Kwangu ni hapo tu, kupita Mwihoko. Nilikwenda Tanganyika kukata mbao, nirudi baada ya Krismasi. Halafu hali ya hatari ikafunga njia nyuma yangu. Miaka saba. Mke wangu sijui kama yu hai. Jana mtu mwenye tai akaja, akaniuliza kama mimi ni jamaa yake, ana lori. Bwana Karani, ungeniuliza kama mimi ni nyanya yako, ningekubali."

"Nilikuapia mpakani! Kwa Mungu!"

"Uliapa vizuri sana," Kagwe alisema, na hakuwa akitania. "Mungu akubariki kwa kile kiapo."

Kwanza alicheka Ajwang, ambaye hakualikwa ila alikuwa ameegemea ukuta tangu mwanzo asikose lolote. Kisha akacheka Ndinda. Kicheko kikazunguka ua, kikafika hata kwa wale wazee wa Thika, na Mzee Simeon akasubiri kitulie.

"Basi ni hivi," alisema. "Mzinga wa kuiba haubadilishi ukoo wa mtu. Karani alisema kweli tangu mwanzo, watoto hawa si ndugu. Waliouiba na walioibiwa wote wamezikwa, mimi sitamtoza faini maiti. Ila mzinga ni wetu, na utarudi kwetu. Katunge atakapokuja Thika, atakuja nao. Na mwizi hatatajwa tena, si hapa wala Thika."

"Mbuzi je?" aliuliza Katunge, bila haya.

Mbaluka alikohoa kule langoni. Ilibainika kwamba mbuzi wawili walikuwa wamefungwa barabarani nyuma ya ua tangu asubuhi. Aliwaleta kwa siri, bila kumwambia baba yake mkubwa, kwa tamaa tu.

Jioni wageni walipokwisha kuondoka, Kagwe aliaga. Ndinda alimfungia kipande cha nyama ya mbuzi aliyechinjwa na sukari iliyobaki, na Kaleli, baada ya kusitasita, akampa lile koti la Bedan. Kagwe alisema kesho atajipeleka mwenyewe kwa chifu. Wakitaka kumfunga wamfunge, lakini usiku wa leo atalala kwake. Walimtazama akishika njia ya Mwihoko, akianza kwa kutembea, kisha, mzee yule wa mifupa mitupu, akaanza kukimbia.

Kaleli akaingia ndani. Alisimama mbele ya picha ya baba yake muda mrefu. Alimwonea aibu, na alimwonea huruma, na akashindwa kuamua kipi kizidi. Alipotoka, mama yake alikuwa kwenye mzinga, Kilimambogo ukianza kuwa mweusi mbele yake. Akaketi karibu naye, daftari mkononi.

"Nimeandika kurasa kumi na moja za uongo," alisema. "Haya, niambie basi. Sisi asili yetu ni wapi?"

"Nyuma ya mlima ule pale. Ungeenda kwa baiskeli."

Kaleli aliutazama mlima ambao alikuwa akiuona kila siku akitoka chooni. Alitaka kukasirika, lakini nguvu hakuwa nazo. Suti yake bado ilikuwa ikinuka ngozi kutoka kwenye kamba ilikoanikwa.

"Na baba alikuwa na njaa kiasi hicho, mpaka akaibe?"

"Yeye? Bedan alikuwa anaweza kukaa siku tatu kwa maji tu." Bibi Mukonyo akavuta kanga mabegani. "Nilikuwa na mimba. Mbili kabla yake zilitoka, kwa sababu ya njaa. Hii ya tatu nikawa natapika kila kitu, hata uji. Kitu kimoja tu kilikuwa kinakaa tumboni, asali, na asali hakuna aliyekuwa akitoa mwaka ule. Mtoto alipozaliwa, Bedan alimpaka tone la mwisho mdomoni."

Bibi akagonga ubavu wa mzinga kwa vidole, mara mbili.

"Umekwenda mpaka nchi ya watu kuuliza ulikotoka," alisema. "Ulitoka humu."

Waliendelea kuukalia mpaka Ndinda alipowaita kula.